Mwamba usifungwe kabla pweza hajapimwa

Ndugu Mhariri,

Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Siipingi kanuni hiyo, ila sisi tuliolelewa kwa pweza huku Kilwa tunajua inapokwama: mvuvi hana mizani ndani ya shimo la mwamba. Huona mkono mmoja ukijikunja, huchoma nondo, na pweza anapotolewa nje hata akiwa mdogo hawezi tena kurudishwa baharini akaishi.

Kwa hiyo naamini kinga ya kweli ni kufunga miamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo, kwa miezi kadhaa, kama walivyofanya wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na kama vilivyokwisha kuanza baadhi ya vijiji vya mwambao wetu. Pweza huishi mwaka mmoja na miezi michache tu, na akiwa mchanga uzito wake huweza kuongezeka maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai shimoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa.

Lakini mwamba ufungwe mwezi gani? Hilo hulijua mtaalamu wa baiolojia ya uvuvi aliyeshinda dikoni, pweza wanapoletwa kutoka baharini, kila bamvu (siku maji yanapokupwa sana), mwaka mzima. Nilimwona mmoja akiwa kazini: alimning'iniza pweza kwenye mizani, akautazama mkono wa tatu wa kulia, ambao kwa dume ncha yake haina vikombe vya kunatia, kisha akampasua kuona kama mayai yamekomaa, huku akina mama wakimhimiza kwa kuwa gari la barafu lilikuwa likisubiri. Alikaa mabamvu mawili, akaondoka na daftari lake, na hadi leo hatujasomewa kilichomo. Baadaye mwamba wetu ulifungwa kwa tarehe zilizoletwa zikiwa tayari zimepangwa, na siku ya kuufungua tuliwachoma majike waliokuwa bado wanaatamia. Niliyashika mayai yale kwa mikono yangu, yamening'inia kama vishada vya punje za mchele.

Naziomba halmashauri za pwani, ambazo hutoza ushuru wa pweza wetu, zimlipe mtaalamu akae dikoni mwaka mzima, awafundishe vijana wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, kupima na kuandika, na takwimu zisomwe katika mkutano wa kijiji kabla ya tarehe yoyote kupangwa. Kazi hiyo inaweza kuanza bamvu lijalo.

Wako,
Mchuuzi wa pweza,
Kilwa