Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha yamo katika ripoti ya mhazini mliyokwisha kuipokea, kwa hiyo nitajikita katika swali lililoishughulisha kamati yenu mwaka mzima: ni nini kinachomfanya mfanyakazi autumie mfumo mpya wa taarifa, na ni nini kinachomfanya aukwepe.

Swali hili lilianzia ofisini kwetu. Tulipoanzisha mfumo wa kusajili wanachama tulitoa mafunzo na tukasambaza waraka, na bado fomu za karatasi ziliendelea kumiminika. Nakiri kwamba nilidhani ni uzembe, hadi siku nilipoketi kando ya karani wetu nikamwona akijaza taarifa kwenye kompyuta, kisha akifungua daftari lake na kuandika yale yale kwa kalamu, kwa kuwa mfumo haukuweza kumwonyesha upesi nani amelipa ada na nani anadaiwa. Alikuwa akifanya kazi moja mara mbili, nasi tukamwita mkaidi.

Utafiti wa mwaka 1989 wa Fred Davis, mtafiti wa mifumo ya taarifa, ulionyesha kwamba manufaa anayoyaona mtumiaji katika kazi yake yana uzito kuliko wepesi wa mfumo wenyewe, ingawa wepesi nao huongeza manufaa hayo. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, akiwemo Davis, waliunganisha nadharia 8 zinazoeleza kwa nini watu hukubali teknolojia mpya na kutaja mambo 4 makuu: matarajio ya ufanisi (yaani kwamba mfumo utamsaidia mtu katika kazi yake), wepesi, ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji, na mazingira wezeshi, yaani vifaa na msaada anaoupata. Kuhusu ushawishi, waligundua kwamba una nguvu pale matumizi yanapokuwa ya lazima, tena hasa mwanzoni, na kwamba hufifia kadiri watu wanavyopata uzoefu. Ndiyo maana waraka wetu, niliouandika mimi mwenyewe kwa maneno makali, ulifaa kwa wiki chache tu.

Baada ya hapo tulimwomba karani aseme anataka kuona nini anapofungua mfumo asubuhi, tukaanza na orodha ya wadaiwa, kisha stakabadhi inayomfikia mwanachama papo hapo. Kazi ya kupunguza maswali katika fomu haijakamilika. Daftari bado liko mezani pake, na sijamwagiza aliondoe, lakini siku hizi hulifungua kwa nadra.