Mashehe na wachungaji wasinyamaze, ila wasitupangie kura

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia wanaibuka watu wa "dini isichanganywe na siasa", eti mashehe na wachungaji watuhubirie pepo tu basi. Mi siko nao. Malawi 1992 chama kilikuwa kimoja na Banda rais wa maisha, nani angethubutu kufungua mdomo? Maaskofu Wakatoliki wakaandika waraka, ukasomwa makanisani Machi ile, na Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi. Sasa wangenyamaza?

Shida yangu iko kwingine. Kuna kuiambia serikali hapa umekosea, na kuna kuwaambia waumini mpigieni fulani, haya mawili hayana undugu kabisa. Senegal 1988 khalifa wa Mourides, tarika kubwa ya Kiislamu ya huko, aliwaagiza wafuasi wampigie rais aliyekuwepo, Abdou Diouf, na agizo la khalifa si mchezo, ukilikataa ni kama umeikataa tarika. Diouf akashinda, lakini manung'uniko yakawa mengi, na khalifa mwingine alipokuja hakutoa agizo 1993 wala 2000, na hiyo 2000 Diouf akaanguka. Muumini naye ana akili zake jamani.

Wanasiasa nao wanajua kutumia jina la Mungu. Rais Chiluba wa Zambia, Desemba 1991, hata hajakaa vizuri kitini, akatangaza nchi yake ni taifa la Kikristo. Ila 2001 alipoanza kunyemelea muhula wa tatu, makanisa ya huko yakaungana na wanasheria wakamkatalia mpaka akaachia. Hapo nawapa heko.

Mi ninaowapenda zaidi ni Wakatoliki wa Kongo. Uchaguzi wa 2018 walisambaza waangalizi kama 40,000 vituoni, tume ya uchaguzi ilipotangaza mshindi wao wakasema haya hayalingani na tulichokusanya sisi, na hadharani hawakutaja jina la mtu. Walihesabu tu. Asiyekula cha mgombea ndo anaweza kusema hivyo na watu wakamsikiliza, maana ukishapokea bahasha utamkemea nani?

Na nyie magazeti mna lenu. Mkiandika "mgombea aombewa dua" na picha kubwa ukurasa wa mbele, muulize pia lile paa jipya la nyumba ya ibada kalipia nani na lini.

Msomaji wenu wa kila siku