Kabla hujakata tawi la jirani gonga geti kwanza

Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja anasema tawi la jirani likishavuka ukuta ni mali yako, chukua msumeno kata, usimuulize mtu, ndo sheria inavosema kila mahali. Mi nimeisoma mara mbili na naomba nafasi nimjibu, kwa sababu jambo hili limenipata mimi mwenyewe na lilinigharimu paa la jiko.

Nilikuwa na miti miwili mikubwa ya kivuli pembeni ya ukuta, niliikuta hapo wakati nanunua nyumba. Mmoja matawi yake yalikuwa yameingia kwa jirani karibu nusu nzima, majani yanajaa kwenye gata lake, mvua ikinyesha maji yanarudi ndani ya dari. Mkewe aliniambia siku moja tumekutana getini, "jirani, ule mti wako unatusumbua," nikamjibu tutauangalia, basi nikapita na shughuli zangu nikasahau kabisa. Hilo kosa ni langu na silikatai, mtu akikuambia mti wako unamharibia nyumba halafu miezi inapita hujafanya chochote, umemwambia kwa vitendo kwamba humjali.

Sasa nikasafiri kwenda msibani, kurudi nakuta mti umenyolewa upande mmoja kama mtu aliyekatwa nywele akakimbia kinyozi, yaani upande wa jirani hakuna hata tawi moja, wa kwangu yamebaki yote. Tena alikuwa anajenga chumba cha nje, akachimba mtaro wa msingi sambamba na ukuta na mizizi yote iliyopita hapo imekatwa. Nilikasirika, nikaenda tukagombana mbele ya watoto, tukaacha kusalimiana. Miezi kadhaa baadaye ukaja upepo wa usiku, mti ukang'oka ukaangukia kwangu, juu ya jiko. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini binti yangu alikuwa ametoka humo jikoni kama dakika kumi tu kabla.

Fundi wa miti aliyekuja kuutoa ndo alinifafanulia. Mti unasimama kwa mizizi, na mizizi mingi haiendi chini sana kama tunavyodhani, mingi iko kwenye mita moja ya juu ya udongo na inasambaa mbali kuliko hata matawi yenyewe. Ukikata ya upande mmoja umekata kamba zinazoushikilia, ukitoa na matawi ya upande huohuo uzito wote unabaki upande wa pili, kwa hiyo upepo ukitokea kule kwenye kamba zilizokatwa mti hauna cha kuushika. Jirani hakujua hilo na mimi sikujua. Kila mmoja wetu alikuwa anabishana kuhusu haki yake tu, mti wenyewe hakuna aliyeuangalia.

Tukirudi kwenye sheria, ndugu yangu wa wiki iliyopita kasema nusu tu. Uingereza kweli kuna kesi ya zamani ya Lemmon na Webb, ya mwaka 1895 kwenye ripoti za mahakama, Baraza la Mabwana, ndo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, likasema jirani anaweza kukata matawi yaliyomvukia bila kutoa taarifa, mradi asiingie kwenye ardhi ya mwenzake. Lakini hukohuko Uingereza mwaka 1919, kwenye kesi ya Mills na Brooker, mtu alichuma matufaha kwenye matawi yaliyoning'inia upande wake akayauza, mahakama ikamlipisha maana matunda yalikuwa bado ni ya mwenye mti. Kwa hiyo kukata unaruhusiwa ila ulichokata sio chako, na hapa ndo watu wengi wanapotea.

Ufaransa ni tofauti kabisa, matawi hukati mwenyewe, unamlazimisha mwenye mti ayakate, mizizi ndo unaruhusiwa kuikata hadi kwenye mpaka, na tunda likianguka lenyewe kwako ni lako. Ujerumani lazima kwanza umpe mwenye mti muda wa kutosha ayakate yeye, tena kama tawi halikuzuii kutumia eneo lako huna sababu ya kuligusa. Japani ilikuwa akikataa unaenda mahakamani, ni tangu tarehe 1 Aprili 2023 ndo wameruhusu jirani akate mwenyewe ikiwa alimjulisha mwenye mti na muda wa kutosha ukapita hajafanya kitu. Hiyo "kila mahali" ya msomaji wenu haipo, kila nchi ina yake, uliza ya kwako kabla hujanoa panga.

Na kuna ile ya California ya 1994, Booska na Patel, mimi ndo imenigusa zaidi. Mtu alichimba kwenye kiwanja chake mwenyewe akakata mizizi ya msonobari wa jirani, akajitetea kwamba ardhi ni yangu nafanya nitakavyo, mahakama ya rufaa ikamwambia haki unayo lakini uitumie kwa busara, huwezi kuua mti wa mwenzako kwa sababu tu mizizi imevuka. Hii ingeandikwa kwenye kila kuta za mipaka, kwa kweli.

Najua kuna watu watasema huyu anatetea miti kwa sababu ilikuwa yake. Hapana. Mwenye mti ana mzigo mkubwa kuliko jirani, yeye ndo anatakiwa aangalie kama kuna tawi limekauka, kama shina lina ufa au uyoga umeota chini yake, na akiambiwa kuna tatizo ashughulike. Ila jirani naye kabla ya kupanda ngazi aseme. Hata kwa meseji inatosha kama kuonana ni kazi, piga na picha ya gata lililojaa au dari lililolowa, mtu akiona picha anaelewa haraka kuliko ukimpigia kelele ukutani. Na kuhusu bomba la maji machafu, ambalo watu wanalisingizia mizizi kila siku, mara nyingi mzizi unaingia pale ambapo bomba tayari lina ufa au kiungo kimelegea, kwa hiyo mkague bomba pamoja kabla ya kuulaumu mti.

Mkikubaliana kukata basi mtafute anayejua. Tawi zito linakatwa kidogo kwa chini kwanza, halafu juu mbele zaidi, ndo mwisho unamalizia karibu na shina, bila kuugusa ule uvimbe pale tawi linapoanzia, maana hapo ndo mti unafungia kidonda. Ukikata kwa pigo moja kutoka juu tawi linashuka na gome lote la shina. Na msiukate kichwa, machipukizi yanayoota hapo yanashika juujuu tu na ndo yatakayowaangukia baadaye.

Mimi na jirani tulianza kuongea tena siku ya kuondoa magogo, alikuja na vijana wake bila kuitwa wakabeba mpaka jioni. Mti wa pili bado upo. Juzi alinipigia simu asubuhi, "jirani, kuna tawi limekauka juu ya ukuta kwa huku kwangu, unaliona?" Sikuwa nimeliona. Tukaweka ngazi upande wake, yeye akaishika, tukalitoa kabla ya saa nne.

Msomaji wenu wa siku nyingi