Shirazi ni jina la kuumeni. Kukeni nako kuulizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe makala ya toleo la Jumapili iliyopita, iliyodai kwamba wataalamu wa vinasaba wamethibitisha kuwa Washirazi wa pwani yetu, yaani wale wanaojitaja kuwa wa asili ya mji wa Shiraz huko Uajemi (Iran ya leo), ni Waajemi, na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya damu yao imetoka Uajemi. Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, nimesomesha historia katika skuli za sekondari kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na Shirazi ndilo jina la mwisho katika kila cheti changu, tangu cha kuzaliwa hadi cha pensheni. Habari ile ingekuwa ya kweli ningeipokea vizuri tu, maana wako watu hapa mtaani wangeanza kunisalimia kwa adabu zaidi. Lakini sivyo utafiti ule ulivyosema.

Utafiti wenyewe ulitoka katika jarida la sayansi la Nature mwezi Machi 2023, na miongoni mwa walioufanya ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, ambaye amechimba kwa miaka mingi katika magofu ya Mtwapa, pwani ya Kenya, na mtaalamu wa vinasaba David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walisoma vinasaba kutoka katika mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara, katika kipindi cha kuanzia mwaka 1250 hadi 1800 hivi. Walichokiona ni kwamba kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na wahenga hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Sehemu iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ilikuwa kubwa na kwa wachache ilivuka nusu, ilitoka Asia. Ni katika hiyo sehemu ya Asia, na si katika mwili mzima, ndimo asilimia 80 hadi 90 ilimokutwa kuwa imetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Mwandishi wako aliyaruka maneno "ya sehemu ya Asia", na kwa kuyaruka akatugeuza wote Waajemi. Mtu mwenye sehemu 40 kati ya 100 kutoka Asia, ukimhesabia vizuri, ana sehemu 32 hadi 36 za Kiajemi. Zile 60 za Kiafrika ziko palepale.

Sisemi haya ili kuidharau asili ya Uajemi. Kwa miaka mingi wapo wasomi waliotuambia kwamba Ushirazi ni hadithi tupu, jina la kujipamba lililobuniwa na watu waliotaka kuonekana wageni, au kwamba hao walioitwa Washirazi walishuka kutoka pwani ya Banadir, huko Somalia, na wala Uajemi hawakuujua. Utafiti huu umewajibu kwa upole. Watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganyika kufikia mwaka 1000 hivi, na damu ya Asia iliyoingia kabla ya mwaka 1500 ilikuwa hasa ya Kiajemi. Baada ya hapo ndipo ya Uarabuni ilipozidi. Kwa hiyo wazee waliotuhadithia habari za majahazi saba yaliyowaleta Washirazi hawakuwa wakitudanganya.

Ila wazee hao walisema mengi kuliko tunayoyakumbuka. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia zaidi ya moja: kuna maandishi ya Kiarabu, kuna muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, na kuna mapokeo ya Kiswahili ya Kilwa yenyewe. Barros anasimulia kwamba Ali, mtoto wa sultani wa Shiraz, aliondoka kwao kwa sababu ndugu zake walimdharau, na walimdharau kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi ilhali wao mama yao alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Yaani huyo huyo anayetajwa kuwa shina la Ushirazi alifika Kilwa akiwa tayari ni mtoto wa mwanamke wa Kiafrika. Mapokeo ya Kiswahili nayo yanamtaja Mrimba, mkubwa wa kisiwa, na yanasema mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo na akamwoa binti wa Mrimba. Nguo tunazisimulia kila mara, mpaka watoto wa skuli wanajua kwamba zilikizunguka kisiwa kizima. Binti wa Mrimba hatumsimulii, na wengi wetu hata jina lake hatukuwahi kuliuliza.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Jina la ukoo, kwa desturi tuliyoirithi, hupita kuumeni peke yake. Kromosomu Y nayo hupita hivyo hivyo, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, ndiyo maana jina na kromosomu hiyo vinaweza kusafiri pamoja kwa karne nyingi. Shangazi yangu analo jina la Shirazi na kromosomu Y hana. Kwa upande wa pili, kuna aina ya vinasaba ambayo mama humpa kila mtoto wake, wa kike na wa kiume, na ni binti pekee anayeweza kuipitisha mbele. Katika mabaki ya watu wa miji ile, aina hiyo karibu yote ilikuwa ya Kiafrika. Mtu akirudi nyuma vizazi kumi tu, yaani miaka 250 hadi 300, anakuta nafasi 1,024 za wahenga, na jina lake la ukoo linamtaja mmoja kati yao. Akirudi miaka elfu, yule Mshirazi wa kwanza huenda hakumwachia kitu chochote mwilini isipokuwa hiyo kromosomu moja, ikiwa mnyororo wa wanaume haukukatika mahali, na ikiwa aliyeitwa Shirazi alikuwa Mshirazi kweli.

Nasema hivyo kwa sababu jina lenyewe ni nisba, na nisba hutaja mahali. Bukhari ni wa Bukhara, Barawi ni wa Barawa, Shirazi ni wa Shiraz. Sasa Shiraz ni mji wa bara, hauna bandari. Vyombo vya biashara viliondokea Siraf, bandari kubwa ya Ghuba iliyopigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977, na mimi sijapata kukutana na ukoo wa pwani yetu unaojiita Sirafi. Sababu si ngumu kuikisia. Katika karne ya 10 Shiraz ulikuwa makao ya watawala wa Kibuyi, ukoo uliotawala Uajemi zama hizo, na ulikuwa na sifa. Mtu aliyetoka kijiji chochote cha nchi ile akiulizwa ng'ambo alijitaja kwa mji unaojulikana, kama vijana wetu wa Makunduchi walioko Muscat wanavyosema wametoka mjini. Na jina likishakuwa na heshima halibaki kwa wenyewe tu. Huvaliwa na mkwe, na aliyelelewa katika nyumba, na mji mzima uliosilimu pamoja na wakubwa wake.

Hata serikali ilipoanza kuhesabu watu, majina haya yalihama. Katika sensa ya Zanzibar ya mwaka 1924 maelfu ya watu walijiandikisha kuwa Waswahili. Ilipofika ile ya 1931 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka, watu wakawa Wahadimu, Watumbatu (majina ya wenyeji wa visiwa hivi), Washirazi na kadhalika, na miili yao ni ile ile. Tarehe 5 Februari 1957 jina hili likaingia katika chama cha siasa, Afro-Shirazi, na kuanzia hapo likabeba mizigo ambayo si ya nasaba hata kidogo. Sitaingia huko.

Jambo jingine ambalo makala yako haikulitaja: katika miji iliyochunguzwa hakuna hata mmoja wa Unguja wala Pemba. Na wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wenye nafasi. Mvuvi wa zama hizo, au mwanamke aliyekuwa akifukia makumbi ufukweni, hakujengewa kaburi la mawe. Kuwachukua hao na kuyapeleka majibu yao kwa kila anayeitwa Shirazi leo, baada ya mchanganyiko mwingine wa miaka mia tano, ni sawa na kupima maji ya kisima kimoja ukatangaza habari za visima vyote vya shehia. Watafiti wenyewe wameandika kwamba watu wa pwani wa sasa wamebadilika kuliko wale waliozikwa.

Nitaulizwa habari za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, maana hapa kwetu ndipo unapofanyika kila Julai, na kila mgeni huambiwa kwamba Nairuzi, yaani mwaka mpya huo wa Kiajemi, ni ushahidi wa Uajemi wetu. Kalenda ile ya siku 365 asili yake ni ya Kiajemi, hilo halina ubishi, na manahodha wa bahari nzima hii waliitumia kuhesabia misimu ya pepo. Lakini kalenda hufundishwa, haizaliwi na mtu. Ukija ukatazama wanaume wanavyopigana kwa migomba, kibanda kinavyochomwa moto, na kina mama wanavyoimba, utasikia kila neno ni Kiswahili cha Kimakunduchi, lugha ya Kibantu toka shina lake. Kama watoto wa wale mabaharia wangelelewa na baba zao, nadhani leo tungekuwa tunasema Kiajemi. Walilelewa na mama zao, katika miji ya mama zao, na kutoka kwa wageni lugha ikachukua nanga, nahodha na bima.

Ninayo shajara, yaani orodha ya nasaba, ya ukoo wetu, iliyoandikwa na babu kwa herufi za Kiarabu katika kurasa mbili za mwanzo za kitabu cha fiqhi, kwa wino uliokwisha kuwa wa kahawia. Ina majina 19, fulani bin fulani bin fulani, na juu kabisa pameandikwa al-Shirazi. Mwanamke hata mmoja hayumo. Binamu yangu aliyeko Dubai alipopeleka mate yake kupimwa, akaletewa majibu ambayo sehemu kubwa yake ni Afrika Mashariki, alinipigia simu kwa hamaki kuniuliza kama shajara ile ni ya uongo. Nilimjibu kwamba si ya uongo, ila imeandikwa upande mmoja.

Naomba, basi, gazeti lako lichapishe sahihisho la ile asilimia, tena kwa herufi zinazoonekana kama zilivyoonekana za kichwa cha habari. Kwa upande wangu, tangu mwezi wa Ramadhani nimeanza karatasi nyingine ya kukeni: mama, bibi, mamake bibi. Nimepata majina manne. La tano, mama mkubwa anasema ni Mwanakheri wa Kizimkazi na mama mdogo anasema huyo alikuwa mke mwenza, kwa hiyo bado sijaliandika.

Msomaji wako,
Makunduchi, Unguja