Mwanaidi, usinunue kwanza hicho kizimba

Leicester, 9 Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba Latifa na wote hapo Leeds. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kwa hiyo Latifa kashinda: paka mmemkatalia, mbwa mmemkatalia, sasa ni hamsta, kale kamnyama kadogo ka jamii ya panya, tena kabla shule hazijafungwa Desemba. Na wewe umeshaona kizimba cha waridi chenye ghorofa mbili na bomba la kupandia, na ndani yake kuna gurudumu, chupa ya maji na mfuko wa chakula, vyote kwa bei moja. Nakuomba usikinunue. Bei yenyewe si mbaya, ila karibu kila kitu kilichomo humo utakitupa baada ya mwezi.

Anza kwa kumjua mnyama mwenyewe. Hamsta anayeuzwa zaidi huku ni yule wa dhahabu, ambaye kwao ni tambarare za Aleppo, kaskazini mwa Syria. Karibu wote wanaofugwa leo ni uzao wa mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa huko mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, wakapelekwa Jerusalem kwa ajili ya maabara. Kufugwa miaka yote hiyo hakujamwondolea tabia ya kwao. Watafiti walipopima mashimo ya hamsta wa porini Syria walikuta kina cha wastani ni sentimita 65, na yapo yaliyopita mita moja. Huko chini kila mmoja anaishi peke yake. Anakusanya mbegu, anazijaza mashavuni, anarudi kuzificha. Ukikumbuka buku wale wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, nao wana mifuko hiyo hiyo ya mashavu, ila buku ni panya mkubwa sana na huyu hafiki robo kilo: gramu 100 hadi 200 tu.

Sasa mtie mchimbaji huyo ndani ya kizimba kidogo chenye maranda ya kina cha vidole viwili. Atatafuna nyaya usiku kucha, atapanda juu na kujibwaga chini, atazunguka kona ile ile. Dukani watakwambia ananoa meno. Si kweli. Huko Bern, Uswisi, watafiti waliwaweka hamsta kwenye tandiko la sentimita 10, wengine 40, wengine 80. Wa sentimita 10 ndio waliotafuna nyaya zaidi, na wa 80 hawakuonekana wakizitafuna hata kidogo. Meno anayanoa kwa kijiti na kwa mbegu ngumu. Nyaya anazitafuna kwa sababu anataka kutoka.

Kwa hiyo fedha yako iende kwenye nafasi na kina. Sakafu moja isiyokatika, urefu sentimita 100, upana 50, kimo 50. Hicho ndicho kiwango cha chini, ukipata kikubwa zaidi chukua. Ghorofa hazihesabiwi, na wala si nzuri, maana hamsta haoni mbali na hajui kukadiria kimo, akianguka huvunjika mguu au mgongo. Rahisi kuliko vyote ni tangi la samaki la mtumba. Hata likiwa linavuja halina neno, utalipata kwa bei ya chini zaidi. Juu liwe na mfuniko wa wavu wa chuma, kamwe usiwe wa kioo au plastiki, kwani hewa haitapita. Pima meza kwanza: kioo cha ukubwa huo ni kizito hata kabla hujaweka kitu ndani.

Tandiko lijae sentimita 30 nusu moja ya tangi, na 15 nusu nyingine. Kwa vipimo hivyo unahitaji kama lita 112, na ile mifuko midogo ya dukani itakufilisi; nunua robota la karatasi iliyosagwa au maranda ya mti wa aspeni. Maranda ya msonobari na mwerezi yaache, mafuta yake yenye harufu kali huumiza mapafu. Unapojaza, weka tabaka, kandamiza kwa viganja, tupia nyasi kavu, weka tabaka jingine, kandamiza tena. Usipokandamiza, mashimo yatabomoka, naye baada ya siku chache ataacha kuchimba, kisha utanipigia kuniambia wako hapendi kuchimba. Na ile pamba laini inayouzwa kama tandiko la hamsta iache dukani. Nyuzi zake humfunga mguu mpaka damu ikakatika, akizimeza huziba utumbo. Karatasi ya choo isiyo na manukato, ukiichana vipande, inamtosha kujengea kiota.

Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 28 au 30 na uso mzima usio na matundu. Pima kwa jicho: akikimbia, mgongo unyooke. Ukipinda kama upinde wa mvua, gurudumu ni dogo. Yale ya vijiti vya chuma humwingiza mguu katikati na kuuvunja. Lisimamishe juu ya kibao chenye miguu, au juu ya upande wenye tandiko fupi, la sivyo atalifukia na halitazunguka. Mpira ule wa plastiki wa kumtia ndani atembee sebuleni sahau kabisa, hata Latifa akilia. Humo ndani hawezi kunusa njia, hewa ni kidogo, na hana namna ya kusimama anapotaka.

Weka pia kijumba cha mbao kisicho na sakafu, ili achimbe moja kwa moja kutoka ndani yake, na bakuli pana lenye mchanga safi mkavu wa kuogea. Uwe mchanga, si vumbi: unga laini wanaouziwa wenye chinchila, mnyama mwingine wa jamii ya panya, humwingia mapafuni. Maji humwogeshi nayo hata siku moja. Atajisafisha mchangani, na mara nyingi ndipo atakapofanya choo, jambo ambalo litakurahisishia usafi kuliko unavyodhani.

Usafi wenyewe wengi huukosea kwa kuzidisha. Kila siku ondoa mabaki ya mboga, kila siku mbili tatu chota kona anayokojoa. Tandiko zima usilitoe kwa mkupuo. Badilisha theluthi moja pale linapoanza kunuka, zilizobaki ziache na harufu yake. Ukimsafishia nyumba nzima kila Jumamosi kwa sabuni, umemhamisha kila wiki, naye atakojoa kila pembe ili kurudisha harufu, kisha utasema ananuka. Mbegu na vumbi huruka, kwa hiyo kama mnaswali chumba hicho, tandika mswala upande wa pili.

Chakula ni kidogo mno, na hapa sisi akina mama hatuelewi. Gramu 10 kwa siku zinamtosha hamsta wa dhahabu, pima kwa mizani ya jikoni siku za mwanzo mpaka jicho lizoee. Nunua mchanganyiko wa mbegu na nafaka nyingi tofauti: mtama, uwele, shayiri, oti, kitani, alizeti kidogo. Usimwage bakulini. Tawanya juu ya tandiko atafute, ndiyo kazi yake. Ukiweka bakulini, dakika tano tu bakuli ni tupu, nawe utafikiri amekula na utajaza tena, kumbe amehamishia ghalani. Ghala lake usilifukue ila kuondoa vibichi vinavyooza. Mara mbili tatu kwa wiki mpe kipande cha tango, brokoli au karoti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na funza wakavu wa unga wawili, au kipande kidogo cha yai la kuchemsha. Machungwa, ndimu, kitunguu, kitunguu saumu, maharage mabichi na chokoleti hapana. Wali wa nazi pia hapana, namjua baba Latifa.

Maji yawe kwenye kibakuli kizito cha udongo. Ukitumia chupa, gonga kile kidude cha mdomoni kila asubuhi uone tone likitoka. Kigololi hukwama, chupa ikabaki imejaa, mtu akadhani mnyama hana kiu.

Nimesema anaishi peke yake, narudia kwa sababu muuzaji anaweza kukwambia ndugu wawili wa tumbo moja hukaa vizuri. Hukaa, wakiwa watoto. Wakifikisha wiki sita hadi nane huanza kupigana, na aliyeshindwa hana pa kukimbilia ndani ya kioo. Asubuhi unakuta mmoja amekufa. Wakiwa dume na jike ndiyo zaidi, maana mimba yake ni siku 16 tu. Mmoja, kizimba kimoja, maisha yake yote, ambayo ni miaka miwili hadi mitatu.

Chumba cha Latifa si mahali pake. Huyu huamka mtoto anapolala, na gurudumu lina sauti. Tena mtoto wa miaka tisa akirudi shule saa tisa na nusu atataka kumwamsha, na hamsta aliyeamshwa kwa kushikwa huuma mpaka damu. Mkiweka sebuleni, mbali na dirisha la jua, na televisheni, na kipasha joto cha ukutani, kila mtu atamwona jioni baada ya chakula. Kumzoesha ni hivi. Siku tatu nne za kwanza mwacheni kabisa. Halafu Latifa aweke kiganja ndani kikiwa na mbegu moja ya alizeti, anyamaze, asimfuate. Akishapanda mwenyewe mkononi, mketi naye sakafuni au ndani ya bafu kavu la kuogea, si juu ya kochi. Kumhamisha, mwingize kwenye kikombe kikubwa au bomba la karatasi. Asishikwe kwa kuvamiwa kutoka juu, maana juu ndiko ndege wawindaji hutokea. Mikono inanawiwa kwa sabuni kabla na baada. Na mdogo wako aliye mjamzito asimshike wala kusafisha kizimba: kipo kirusi cha panya ambacho hamsta anaweza kukibeba, na humdhuru mtoto tumboni.

Kuna mambo yatakayokushtua bure. Meno ya mbele kuwa ya manjano kama machungwa ndiyo afya, yakiwa meupe ndiyo ujiulize. Madoa mawili meusi nyongani ni tezi za harufu. Dume akionekana na uvimbe mkubwa nyuma si ugonjwa, ni korodani zake tu. Jike hutoa ute mweupe kila baada ya siku nne. Ute huo ukiwa na damu au usaha bila mpangilio huo, daktari siku hiyo hiyo.

Yasiyo ya bure ni haya. Mpime kila wiki siku moja, uandike: aliyekuwa gramu 150 akishuka hadi 135, kuna jambo. Mkia na makalio yakilowa kwa kuhara, hasa kwa mtoto aliyetoka dukani juzi, usingoje kesho, ugonjwa huo huua ndani ya siku mbili. Na tafadhali, dawa zile mlizobakiza kutoka Mombasa zisimguse. Amoksilini na penisilini huua bakteria wema tumboni mwake, wabaya wakazaliana, akafa kwa dawa yenyewe. Tafuta sasa, kabla ya kununua, daktari wa wanyama anayesema wazi kwamba anatibu wanyama wadogo, na uliza ada ya kumwona. Itapita bei ya hamsta mara kadhaa, bora ujue mapema.

Baridi nayo. Chumba kikae kati ya nyuzi 18 na 24. Mkizima joto usiku kwenye chumba kisichozibwa vizuri, au mkamweka gereji, anaweza kuzirai kwa baridi: anakuwa baridi, mgumu, pumzi moja moja. Wapo watu waliowazika wakiwa hai. Mfunike kwa viganja karibu na mwili wako nusu saa na zaidi, tazama sharubu zikitikisika, kisha daktari. Usimweke juu ya kipasha joto.

La mwisho ni la sheria na safari. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hapa Uingereza inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, na inamhesabu mzazi kuwa ndiye mwenye wajibu hata mtoto akisema ni wake. Kwa hiyo hamsta ni wako, Latifa ni msaidizi. Na Julai mkienda nyumbani wiki sita, nani atakuja kumtazama? Jibu hilo lipatikane sasa. Kisha pigieni vituo vya kuokoa wanyama kabla ya duka, mara nyingi wana hamsta wazima waliorudishwa na watu walioanza na kizimba cha waridi.

Nitumie picha ya ukuta wa sebule pale mlipopanga kumweka, na urefu wa meza kwa sentimita. Tukishakubaliana tangi, nitakuhesabia robota ngapi za tandiko.

Wako,
Rukia