Maandalizi ya cheti kipya cha kilimo hai yaanzie kwenye daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna vyama vyetu vya msingi vya kahawa mkoani Kagera vinavyojiandaa kwa kanuni za kilimo hai (kilimo kisichotumia mbolea na viuatilifu vya kemikali za viwandani) za Umoja wa Ulaya, yaani Kanuni namba 2018/848, zilizoanza kutumika huko tarehe 1 Januari 2022 na ambazo sasa zinatubana na sisi tunaouza huko kutoka nje ya Umoja huo.

Semina nilizohudhuria nikiwa katibu wa chama zimetumia muda mwingi kueleza madhara ya viuatilifu, jambo ambalo mkulima wa kibanja, anayechanganya kahawa na migomba na kurutubisha kwa samadi, hahitaji kufundishwa sana. Kilichobadilika hasa ni nani anayemiliki cheti. Kwa miaka kadhaa cheti chetu kilikuwa mikononi mwa mnunuzi, na aliposhusha bei hatukuweza kumuuzia mwingine kahawa ileile kama kahawa hai, kwa sababu jina lililoandikwa halikuwa letu. Sasa kundi la wakulima lenyewe linatakiwa litambulike kisheria, liuze kwa pamoja, na lisizidi wanachama 2,000. Chama cha msingi kilichosajiliwa kina pa kuanzia. Chenye watu wengi zaidi hakina budi kugawanyika, na kila kundi liwe na daftari la wanachama na vibanja vyao, na wakaguzi wake wa ndani.

Daftari ndilo linalonikosesha usingizi. La kwetu lina majina ya marehemu, lina vibanja ambavyo watoto wamekwisha kugawana lakini bado vinasomeka kama kimoja, na ukubwa wa vingi uliandikwa kwa kukisia. Mkaguzi wa nje, ambaye kila mwaka anapaswa kukagua upya angalau asilimia 5 ya wanachama, hatapata shida kuziona kasoro hizo, na udhaifu wa ukaguzi wa ndani unaweza kutunyima cheti sote, hata aliyelima kwa uaminifu.

Naziomba bodi za vyama na wafadhili wetu wapunguze semina za hotelini (posho zake tunazipenda, sikatai) na fedha hizo ziwalipe vijana waliosomea kilimo wapite kibanja kwa kibanja, wapime mipaka na kusahihisha majina mbele ya majirani. Wawatenge pia wanachama wapya ambao mibuni yao haijamaliza miaka 3 ya mpito (muda wa kulima kwa kufuata kanuni kabla ya kahawa kuuzwa kama hai), ili kahawa yao isichanganywe na ya wengine ghalani. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mavuno, kwa kuwa mizani ikishafunguliwa hakuna karani atakayepata nafasi ya kwenda shambani.

Katibu wa chama cha msingi,
Karagwe