Barua kwa mdogo wangu: pesa zako ziliingia kinyumenyume

Mdogo wangu,

Tangu Ijumaa naufikiria ule mkono wa poka uliokutoa mezani. Ulisema umelogwa: ree mbili, ya shupaza na ya pau, na bado ukarudi nyumbani mikono mitupu. Naandika hadharani kwa sababu wengi wanapotea njia hiyo hiyo.

Tuupitie taratibu. Mezani kulikuwa na 1,000, na kila mmoja wenu amebakiwa na 13,000. Zikafunuliwa karata tatu: kumi ya kopa, sita ya kopa, mbili ya pau. Ulikuwa unaongoza, ukaweka 200. Mwenzako alishika kopa mbili, akisubiri kopa ya tano ili akupite. Katika karata 47 asizoziona, kopa zilibaki 9, yaani asilimia 19 kwa karata inayofuata. Kulipa 200 ili apate 1,200 kulihitaji nafasi ya asilimia 14 tu, yaani 200 kati ya 1,400. Ulimuuzia kwa bei ya hisani! Ungeweka 1,000 angehitaji asilimia 33, na hapo angekuna kichwa.

Karata ya nne haikubadilisha kitu, ukagonga meza, yaani hukuweka dau. Ya tano ikaja kopa, ukasukuma 12,800 zote juu ya 1,400 zilizokuwa mezani. Nani angekulipa hapo, kama si aliyekwisha kukupita? Ulitoa kidogo ulipokuwa mbele, ukatoa zote ulipokuwa nyuma.

Hesabu kabla ya dau la kwanza. Ukiweka dau mara tatu, kila mara nusu ya kilichopo mezani, naye akilipa, ni 500, 1,000, kisha 2,000: jumla 3,500. Ukiweka sawa na kilichopo, ni 1,000, 3,000, 9,000, na zile 13,000 zimekwisha zote. Kila dau linalipandia lililotangulia. Sisemi uende hivyo na jozi moja. Mara nyingi jozi haistahili kubebeshwa mzigo wote huo. Nasema ujue mapema unaelekea wapi.

Hata kuzuga, yaani kutishia bila karata nzuri, kunataka mpangilio. Mwaka 2003 kule Las Vegas, Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alibaki na Sam Farha kwenye fainali ya dunia ya poka. Alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Karata ya nne ilimwacha akisubiri shupaza moja au mfuatano wa karata tano. Farha akaweka dau, yeye akapandisha. Ya tano haikumpa chochote, akasukuma zote. Farha, mwenye jozi ya tisa iliyokuwa ikishinda, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zake. Tishio la mwisho liliaminika kwa sababu lilianza kwenye karata ya nne.

Pesa ya kodi ibaki nyumbani, hilo tulishakubaliana. Ijumaa hii niandikie mkono mmoja tu, uliokupa au uliokunyang'anya, na uniandikie dau zote tatu kwa mpangilio wake.

Kaka yako.